Dakika 17 Juu ya Kibo

Ziwa Chala limekaa ndani ya shimo la volkano, mashariki mwa Kilimanjaro, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita juu ya maji yake. Ukisimama kwenye ukingo wa upande wa Taveta saa moja asubuhi, mwezi wa Februari, kabla mawingu hayajaanza kupanda, unauona mlima wote: Mawenzi iliyochongoka mkono wa kulia, Kibo na theluji yake mkono wa kushoto. Jua liko mgongoni kwako na linaimulika theluji moja kwa moja. Kutoka ukingo huo hadi kilele cha Kibo ni kama kilomita 48. Ni mahali pachache Afrika Mashariki ambapo mtu anaweza kulitazama anga la juu ya mlima kwa urahisi namna hiyo.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 19 Februari 1951, kuna watu walioliona jambo juu ya mlima huo ambalo halijapata maelezo hadi leo. Hawakuwa Chala. Walikuwa ndani ya ndege aina ya Lodestar ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, East African Airways, iliyokuwa imetoka Nairobi West, uwanja ambao sasa unaitwa Wilson, ikielekea Mombasa. Rubani alikuwa Kapteni Bicknell. Saa moja na dakika 20 afisa wake wa redio alimwonyesha kitu cheupe kinachong'aa kama nyota, kimetulia tuli juu ya Kilimanjaro. Bicknell alikadiria kwamba kilikuwa kama futi 10,000 juu ya kilele. Kwa kuwa Kibo kina mita 5,895, hesabu hiyo inakipa kitu kile kimo cha karibu mita 9,000 kutoka usawa wa bahari.

Kwa maelezo yake mwenyewe, rubani hakuharakisha kusema neno. Alikitazama kwa dakika chache kwanza, kisha akawaambia abiria. Mmoja wao alikuwa na darubini kali ya macho mawili, akaanza kukichunguza. Wakati huo huo ujumbe ulitumwa kwa redio kwenda Eastleigh, kituo kikuu cha ndege cha Nairobi siku hizo, na Eastleigh wakajibu kwa swali la busara: hebu angalieni, si puto la idara ya hali ya hewa? Bicknell aliichukua darubini akatazama mwenyewe. Alichokieleza baadaye ni umbo la chuma lenye mfano wa risasi, rangi ya fedha iliyofifia, urefu wa zaidi ya futi 200, na pezi lililosimama wima upande mmoja. Ubavuni kulikuwa na mistari ya rangi nzito iliyopangwa kwa nafasi zinazolingana. Kingo zake zilikuwa wazi, hazina ukungu. Hakikuacha mkia wa moshi wala mvuke. Kilikaa pale pale kwa dakika 17, kisha kikaanza kuelekea mashariki huku kikipanda, kikatoweka kwenye kimo alichokikisia kuwa futi 40,000. Rubani aliamini kwamba alikuwa ameona chombo cha kuruka cha aina fulani.

Habari ikaingia magazetini, ikavuka bahari, na kwa zaidi ya miaka 70 imekuwa ikinukuliwa katika vitabu vya wanaopenda mambo ya visahani virukavyo. Kila mwandishi huirudia kwa namna ile ile: rubani, redio, darubini, dakika 17, kwaheri. Naona imerudiwa sana na kuchunguzwa kidogo mno, na nataka kuichunguza kutoka upande ambao haujatumika, yaani upande wa chini.

Kwanza tuikumbuke dunia ya mwaka ule. Mnamo 24 Juni 1947 Mmarekani Kenneth Arnold, akiendesha ndege yake ndogo karibu na mlima Rainier katika jimbo la Washington, alisema ameona vitu tisa vikipita kwa kasi ya ajabu. Magazeti yakazaa jina la visahani, na baada ya hapo kila nchi ikawa na vyake. Jeshi la anga la Marekani lilianza kukusanya taarifa. Kazi hiyo, ambayo miaka yake ya mwisho ilijulikana kama Project Blue Book, ilifungwa mwaka 1969 ikiwa na ripoti 12,618, na kati ya hizo 701 zilibaki bila maelezo. Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Kenya, iliunda kamati yake ya siri mwaka 1950. Kamati hiyo ilitoa ripoti Juni 1951, miezi minne tu baada ya asubuhi ya Kibo. Uamuzi wake ulikuwa kwamba mambo haya yote ni vitu vya kawaida vilivyokosewa, macho kudanganyika, au uongo, na kwamba hakuna haja ya kuendelea kuchunguza. Ripoti ikafichwa kwa nusu karne. Basi ukitaka kujua kwa nini serikali ya kikoloni haikupeleka mtu Taveta kuuliza maswali, jibu mojawapo liko hapo: wakubwa walikuwa tayari wanaelekea kulifunga faili.

Jirani zetu wa magharibi walikuwa na kisa chao mwaka uliofuata. Gazeti moja la Vienna lilichapisha, Machi 1952, habari za visahani viwili vilivyoonekana juu ya machimbo ya urani ya Kongo ya Wabelgiji, na za kamanda wa uwanja mdogo wa ndege wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, aliyevifukuza kwa ndege ya kivita hadi vikapotea kuelekea Ziwa Tanganyika. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lililitia habari hiyo kwenye majalada yake mwezi wa Agosti. Watu wengi hulitaja jalada hilo kama ushahidi mkubwa. Ukilisoma utaona ni tafsiri ya gazeti tu. Hakuna mjumbe aliyekwenda, hakuna shahidi aliyehojiwa. Wamarekani walikuwa na sababu nyingine ya kulihifadhi: urani ya Shinkolobwe, katika jimbo hilo hilo la Katanga, ndiyo iliyokuwa imetumika kwenye bomu la Hiroshima, na chochote kilichosemwa kuhusu anga la pale kiliwahusu.

Turudi Kibo, tuanze kuhakiki.

Mchunguzi yeyote wa mambo ya angani huanza na sayari ya Zuhura, kwa kuwa imewadanganya marubani wengi kuliko kitu kingine chochote. Hapa Zuhura inaachiliwa mara moja. Februari 1951 ilikuwa nyota ya jioni. Ilionekana magharibi baada ya jua kuchwa, na asubuhi ilichomoza nyuma ya jua, mashariki, mahali ambapo hakuna anayetazama Kilimanjaro kutoka kwenye ndege ya Mombasa. Mwezi nao ulibakiza siku mbili tatu kuwa mpevu, kwa hiyo ulikuwa umezama kabla ya mapambazuko. Ndege nyingine? Hakuna ndege ya mwaka 1951 iliyoweza kusimama angani robo saa katika kimo kile. Zepelini kubwa za chuma zilikuwa zimevunjwa zote kabla ya 1951. Na nikitaja zepelini, nchi hii ilikaribia kuiona moja zamani: Novemba 1917 Wajerumani waliituma L59, yenye urefu wa mita 226, kutoka Bulgaria kumletea kamanda wao wa Afrika Mashariki, von Lettow-Vorbeck, dawa na risasi. Ilifika juu ya Sudan ikaitwa irudi, ikatua ilikotoka baada ya saa 95 hewani. Kama ingeendelea, wazee wetu wangeliona umbo kama alilolieleza Bicknell miaka 34 kabla yake.

Linabaki puto, na linabaki wingu.

Puto ndilo walilolifikiria Eastleigh, na walikuwa na haki, kwa sababu idara ya hali ya hewa ilikuwa ikirusha maputo. Lakini puto la hali ya hewa limetengenezwa lipande bila kusimama mpaka lipasuke. Halining'inii mahali pamoja dakika 17. Halafu kuna suala la mwendo wa ndege yenyewe. Lodestar iliruka kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Katika dakika 17 ilisafiri kilomita 85 au zaidi. Njia iliyonyooka kutoka Nairobi hadi Mombasa inapita kama kilomita 100 kaskazini-mashariki ya Kibo. Sasa fikiria: kama kitu kile kingekuwa puto dogo kilomita kumi tu kutoka kwenye ndege, ndani ya dakika tatu au nne kingeachwa nyuma ya mabawa. Kisingeweza kuendelea kuonekana juu ya mlima ule ule wakati ndege imebadilisha mahali kwa kilomita 85. Kwa hiyo, ikiwa dakika 17 ni za kweli na rubani hakukosea kusema kilibaki juu ya Kilimanjaro, kitu kile kilikuwa kweli karibu na mlima. Hii ni hoja nzito kwa upande wa shahidi, na wanaomdhihaki hawaigusi.

Ila hoja hiyo hiyo inampiga upande wa pili. Kama kilikuwa kwenye mlima, basi kilikuwa kilomita 100 kutoka kwenye jicho lake. Futi 200 ni mita 61. Mita 61 kwa umbali huo ni kama limau lililowekwa kwenye goli moja la uwanja wa mpira nawe ukilitazama kutoka goli la pili. Kwa macho matupu utaona nukta, na ndiyo sababu waliiona kama nyota. Kwa darubini ya kukuza mara kumi limau hilo utaliona, lakini kuhesabu mistari na kutambua pezi lililosimama wima, huku umeishika darubini mkononi, nyuma ya kioo, kwenye ndege inayotetemeka kwa injini mbili, ni kazi iliyo ukingoni mwa uwezo wa jicho la binadamu. Ama kitu kilikuwa kikubwa zaidi ya futi 200, ama kilikuwa karibu zaidi ya mlima, ama sehemu ya picha ilikamilishwa na akili badala ya jicho. Akili hufanya hivyo bila kusema uongo. Rubani mwenye saa nyingi za kuruka, akiona kitu kirefu kinachong'aa angani, atakipa mkia.

Ndiyo maana mimi nalipa wingu nafasi kubwa kuliko walivyolipa wengine. Milima mirefu iliyosimama peke yake huzaa wingu la aina maalumu: upepo unapoupiga mlima huruka juu kwa mawimbi, na kwenye kilele cha wimbi unyevu hugeuka wingu lenye umbo la dengu. Upepo unapita ndani yake, lenyewe halisogei. Kingo zake huwa kali kama zimekatwa kwa kisu. Mara nyingine hukaa tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka panaonekana mistari ya kivuli. Mwanga wa asubuhi ukilipiga kutoka mashariki hung'aa rangi ya fedha. Upepo ukibadilika, hujifuta au hujijenga upya mahali pengine, nawe unayetazama utasema kimepanda, kimeondoka. Mtu yeyote wa Loitokitok, Rombo au Taveta ameliona wingu hilo maishani mwake, mara nyingi.

Lakini wingu la aina hiyo huwa na upana wa kilomita nyingi, na halianzi kwa kuonekana kama nyota. Bicknell alikuwa rubani wa njia hiyo. Mawingu ya Kilimanjaro alikuwa ameyaona. Siwezi kulifunga jambo kwa wingu bila kumwambia mtu aliyekuwepo kwamba hakujua alichokizoea. Hukumu yangu ni kwamba wingu ndilo jibu linaloelekea zaidi, na kwamba halijathibitishwa.

Kilichokosekana ili lithibitishwe ni kitu kimoja, na kilikuwa rahisi kupatikana. Mpima ardhi akitaka kujua umbali wa jiwe lililo ng'ambo ya mto hahitaji kuvuka. Analipima upande kutoka mahali pawili, anajua umbali kati ya mahali pale pawili, na pembetatu inampa jibu. Ndege ya Bicknell ilikuwa mahali pamoja. Mahali pa pili palikuwa Chala. Au Taveta mjini, au Rombo, au Loitokitok, au stesheni yoyote ya reli kati ya Voi na Taveta ambako Kibo huonekana. Kutoka ukingo wa Chala, kitu kilichosimama mita 9,000 juu ya bahari, wima wa Kibo, kingekuwa karibu digrii kumi juu ya upeo. Nyoosha mkono, kunja ngumi, weka chini ya ngumi kwenye upeo: juu ya ngumi ndipo kingekuwa. Kingeonekana kikubwa mara mbili ya alivyokiona rubani, kimemulikwa na jua lililo mgongoni mwa mtazamaji. Na kilipoondoka kilielekea mashariki, yaani kikaja upande wa Rombo na nyika ya Tsavo, huku huku. Shahidi mmoja wa chini, mwenye kumbukumbu ya mahali aliposimama na upande aliotazama, angetupa umbali. Umbali ungetupa ukubwa. Ukubwa ungetenganisha puto na wingu na kile kingine ambacho hatuna jina lake.

Katika simulizi lililotufikia hakuna sauti hata moja ya mtu wa chini.

Na watu walikuwepo. Saa moja na dakika 20 huko Taita na Rombo si saa ya kulala. Mashamba ya mkonge ya Taveta, yaliyoanzishwa na Mwingereza Ewart Grogan, yalikuwa na vibarua ambao saa hizo walikuwa tayari shambani na panga. Wafugaji walikuwa wamefungua zizi. Reli ya Voi kwenda Taveta, iliyojengwa haraka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na watu wake stesheni kwa stesheni. Kote huko mtu akiinua macho magharibi anaona mlima, kwa kuwa mlima ndio saa, ndio utabiri wa mvua. Watu hawa walijua anga. Walijua kilimia kinapozama ni wakati gani wa shamba, walijua kimondo kinavyopasua usiku, na walikuwa wameshaona ndege kabla ya Wakenya wengi.

Hapo pana historia ambayo wapenzi wa visahani hawaitaji. Vitu vya kwanza vya ajabu kuruka juu ya Taita vilikuwa ndege za vita. Mwaka 1915 Waingereza walitengeneza uwanja Maktau, kati ya Voi na Taveta, na ndege nyepesi za jeshi la majini zikaanza kuruka kuwapeleleza Wajerumani waliokuwa wameikalia Taveta. Mapema mwaka 1916 kikosi cha anga cha Waafrika Kusini kikaja Mbuyuni. Februari ile kulikuwa na mapigano Salaita. Machi jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts likapita hapa hapa Chala kuizunguka Taveta. Mtoto wa Kitaita aliyeziona ndege za Maktau akiwa na umri wa miaka kumi alikuwa mtu wa miaka 46 mwaka 1951. Huyo hangeweza kudhani ndege ni jini. Angeweza kukwambia kama alichokiona kilikuwa na mabawa au hakina.

Kwa nini basi hakusema? Sehemu ya jibu nimeshaitaja: hakuulizwa. Sehemu nyingine iko katika vita vile vile. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kuvamia Kasigau, Waingereza waliwashuku wenyeji kuwa wamemsaidia adui. Wakawachukua Wakasigau kutoka kwenye kilima chao wakawapeleka Malindi, na wengi wakafa huko kwa malaria na njaa. Waliobaki walirudishwa mwaka 1936. Hiyo ilikuwa miaka 15 tu kabla ya asubuhi ya Kibo. Wazazi waliorudi kutoka Malindi walikuwa hai bado. Katika nchi ambayo watu walihamishwa kwa kushukiwa kwamba waliona, walijua, wakanyamaza au wakasema kwa mtu asiyefaa, mtu ana sababu ya kutokwenda ofisi ya DC kusema kwamba leo asubuhi kuna kitu nimekiona angani. Naliona hili kuwa pengo kubwa kuliko kukosea kokote kwa darubini.

Desturi hiyo ya kutohesabu jicho la mwenyeji ilikuwa ya eneo zima. Kimondo cha Mbozi, kule kusini-magharibi mwa Tanzania, ni donge la chuma la tani zipatazo 16. Vitabu vinasema kilivumbuliwa mwaka 1930 na mpima ardhi kutoka Johannesburg. Wenyeji walioishi karibu na donge hilo hawatajwi kama wavumbuzi. 

Sasa angalia mambo yanavyokwenda shahidi wa chini anaposikilizwa.

Jumatatu nyingine, tarehe 30 Desemba 2024, kama saa tisa alasiri, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, kaunti inayopakana na Taita Taveta. Ilikuwa na kipenyo cha karibu mita mbili na nusu na uzito wa kama kilo 500. Kwa rehema za Mungu haikumpiga mtu. Wanakijiji walisikia kishindo, wakaiona, wakatoa habari, na polisi wakalinda mahali pale. Wataalamu wa Shirika la Anga za Juu la Kenya walifika, wakaichukua, na mwaka mpya ulipoanza wakatoa tathmini yao ya kwanza: ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, kitu ambacho kwa kawaida hutakiwa kuungua kinaporudi kwenye hewa au kuanguka baharini.

Tetesi zilikuwa tayari zimetangulia. Walioitaja India walikuwa wengi, kwa kuwa India ilirusha roketi siku ile ile, na Shirika likalazimika kukanusha kwamba limeitaja nchi yoyote. Hapo ndipo utaona thamani ya mwanakijiji anayeijua saa. Roketi ya India iliondoka Sriharikota saa nne usiku kwa saa za huko, ambayo kwetu ni saa moja na nusu jioni. Pete ilikuwa imelala Mukuku kwa zaidi ya saa nne. Bila shahidi wa kusema ilianguka alasiri, uvumi ule ungekaa miaka. Wataalamu wa nje hawakuafikiana hata hivyo: wapo walioihusisha na roketi ya Ariane ya mwaka 2008, na wapo walioona kwamba haina alama za kutosha za kuungua. Mjadala wa namna hiyo ni afya. Unafanyika kwa sababu kuna chuma cha kupima na kuna saa iliyosemwa.

Kenya yenyewe si ngeni katika mambo haya. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti yao tarehe 26 Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Wakenya. Urushaji wa mwisho pale ulikuwa 1988. Taifa-1, setilaiti yetu ya kuchunguza ardhi, ilipanda kwa roketi ya Marekani tarehe 15 Aprili 2023. Misafara ya setilaiti za intaneti inapita usiku juu ya Voi kama shanga, na watu hupiga simu kuuliza ni nini. Anga lina vitu vingi kuliko mwaka 1951, kwa hiyo sababu za kukosea zimeongezeka, na za kuandika pia.

Chala lenyewe linatunza kumbukumbu kuliko sisi. Mwaka 2016 watafiti walitoboa tope la chini ya ziwa hadi kina cha karibu mita 215 na kupata historia ya mvua, ukame na majivu ya volkano ya takriban miaka 250,000. Tunaweza kusoma ukame uliopita kabla mtu hajalima nchi hii. Dakika 17 za juzi juzi, zilizopita mbele ya macho ya wilaya nzima, hatuna karatasi hata moja ya mtu wa chini ya kuzisoma.

Lakini muda haujakwisha kabisa. Mtu aliyekuwa na miaka minane Februari 1951 ana miaka zaidi ya 80 leo, na wazee wa umri huo wapo Taveta, wapo Rombo, wapo Loitokitok. Wewe uliye na bibi au babu wa huko, muulize. Usimtajie chombo cha ajabu, usimpe jibu mdomoni. Muulize kama anakumbuka asubuhi ambayo watu walisimama kuutazama mlima, mwaka wa kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa. Akikumbuka, mpeleke mahali aliposimama, mwombe anyooshe mkono kuonyesha upande na kimo, andika jina la mahali na alichokisema kwa lugha yake, iwe Kitaveta, Kichagga, Kitaita au Kimaasai. Peleka nakala kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, au kwenye maktaba ya kaunti. Na ukiona wewe mwenyewe kitu usichokijua, kabla ya kuipeleka picha kwenye makundi ya simu, andika saa, andika ulisimama wapi, na pima kwa ngumi yako kilikuwa juu kiasi gani.